Kiwiko cha Mkunga

Kabla ya kumwosha mtoto mchanga, Mkunga alikunja mkono wa gauni lake, akaingiza kiwiko katika beseni la maji, akanyamaza, kisha akasema "ndiyo" au "bado". Kiganja hakukitumia. Alidai kwamba kiganja cha mtu mzima kimezoea masufuria na kimejifunza uongo, lakini kiwiko hakuna aliyekifundisha kitu. Nilimwona akifanya hivyo kwa wanangu wote. Miaka mingi baadaye, alipokwisha kustaafu kazi ya zahanati, nilimwona akifanya vivyo hivyo mbele ya mashine. Printa ikimaliza kujenga kifaa, aligusisha kiwiko kwenye bamba la chini, akasikiliza joto kana kwamba ndani yake mna mapigo ya moyo, kisha akatamka neno lile lile. "Bado."

Naandika habari za mwanamke huyu bila kutaja jina lake. Kule Vudee, kijijini kwetu milimani, jina lake halitumiki sana. Wote tunamwita Mkunga, na sehemu kubwa ya waumini wanaoketi mbele yake kanisani walipita mikononi mwake kabla ya kupita mikononi mwa mchungaji. Ukoo wake na mahali alipozaliwa nitawaachia wanaopenda mambo hayo. Mimi nitaeleza mikono yake, ulimi wake, na mpini mmoja wa plastiki uliokiunguza kiganja cha binti aitwaye Nakijwa. Kwa majuma mengi swali lililokuwa kati yangu na Mkunga lilikuwa moja tu: je, angekiri kwamba kosa lilikuwa lake, kabla mpini wa pili haujamuunguza mtu wa pili?

Karakana yake ilikuwa sebule. Mahali ambapo wengine huweka makochi, yeye aliweka meza mbili ndefu. Juu ya moja ilikaa printa ya 3D ambayo mwanawe, mhandisi wa Dar es Salaam, alimletea ili ustaafu usimchoshe: fremu ya vyuma inayovuta uzi wa plastiki, kuuyeyusha, na kuutandaza tabaka juu ya tabaka hadi umbo lisimame. Juu ya meza ya pili ilikaa mashine ndogo ya kukereza mbao, ambayo mlio wake ulifika mpaka kwangu, ng'ambo ya mfereji. Hata hivyo vitambaa vya kufuma havikukosekana humo. Kila Jumamosi jioni aliifunika printa kwa kitambaa cheupe chenye maua, nayo ikapumzika hadi Jumatatu kama Mkristo yeyote.

Alitengeneza vifaa vya kahawa. Palikuwa na faneli za kuchujia zenye michirizi ndani, vishindilio vya kukandamiza unga wa kahawa, pete za kuzuia unga usimwagike mezani, vishikio vya visaga vya mkono, na mipini ya mashine zile zinazokamua kahawa kwa nguvu ya maji ya moto. Mbao alizipata katika visiki vya mibuni mikongwe iliyong'olewa shambani mwa marehemu mumewe; plastiki ililetwa na mwanawe. Kilichomwingiza katika kazi hiyo, kwa maelezo yake mwenyewe, kilikuwa hasira. Mgeni mmoja alimwambia kwamba faneli ya kuchujia kahawa vizuri huagizwa ng'ambo.

"Faneli!" alinisimulia, na hasira yenyewe ilikuwa bado mbichi. "Kahawa tunayo mlangoni, maji tunayo mferejini, halafu tukae tusubiri kitundu chenye masikio kipandishwe meli!"

Na ajabu ni kwamba yeye mwenyewe kahawa hakunywa. Alikunywa chai ya maziwa yenye sukari nyingi, na aliyemuuliza sababu alijibiwa kwamba kahawa ni kinywaji cha watu wasio na kazi mchana. Aliyeonja nilikuwa mimi. Faneli mpya ikikamilika aliniita kutoka ng'ambo ya mfereji kwa sauti iliyozoea kuita manesi, nami nikaja, nikaoshwa mikono kwa sabuni hadi kiwikoni kama mtu anayeingia chumba cha kujifungulia, nikapewa kikombe.

"Ina uchachu kidogo wa..." ningeanza.

"Nioneshe, usinisimulie," angenikatiza, akinikazia macho. Aliusoma uso wangu. Maisha yake yote aliamini nyuso kuliko maelezo, kwa sababu mwanamke mwenye uchungu husema "naendelea vizuri" ilhali uso wake unasema jambo jingine.

Alikuwa na neno la pili, linalojulikana na kila nyumba ya Vudee. Mtoto akishalia, ndugu wakishashangilia nje ya dirisha na baba akishaanza kupiga simu, Mkunga angali ameinama, akisema kwa upole usiokuwa wa kawaida yake: "Bado hatujamaliza." Alikuwa akingojea kondo la nyuma. Alijua kwamba saa ya furaha ndiyo saa ambayo mama huweza kutokwa na damu akafa huku watu wanacheka. Wanawake walilichukua neno hilo wakaenda nalo majumbani. Mtoto aliyeosha nusu ya vyombo na kukimbilia mchezo aliambiwa bado hatujamaliza. Mume aliyetengeneza mlango bila komeo aliambiwa hivyo hivyo. Nakijwa, kama wenzake wote, alilisikia tangu utotoni.

Kuhusu mikono, Mkunga alikuwa na utaratibu ambao sijauona kwa fundi mwingine. Hakupima mkono wa mteja kwa rula. Alimpa bonge la udongo wa kufinyangia vyungu, akamwambia: "Shika kama unavyomshika mtu usiyetaka aondoke." Mteja akibana na kuachia, ndani ya udongo hubaki bonde la kila kidole, na kutokana na mabonde hayo Mkunga alichora umbo la mpini katika kompyuta yake kwa subira kubwa, akinung'unika. Mabonge yenyewe aliyakausha na kuyapanga katika rafu, kila moja limechorwa jina la mwenyewe kwa ncha ya msumari. Mgeni alizungushwa humo kama katika jumba la makumbusho.

"Huyu ana hasira, tazama dole gumba. Huyu ni mvivu. Na huyu ni wewe, Mwalimu. Umebana kama Mpare."

"Kwani wewe si Mpare, Mama?"

"Mimi nimewatoa watu tumboni miaka yote hii. Nimekwisha kutoa kwa niaba ya kabila zima."

Alipenda kunichokoza kwa habari za kuzaliwa kwangu. Mimi ni mwalimu wa historia na mzee wa kanisa, na sikatai kwamba uso wangu si mwepesi. "Ulitoka umekunja paji," alisema mbele ya wageni. "Nikamwambia mama yako, huyu atatusahihisha wote." Wageni walicheka, nami nilivumilia, maana kwa mtu aliyekuona uchi siku ya kwanza huna cha kujitetea.

Hata hivyo, palikuwa na jambo moja ambalo ulimi wake, uliokata pande zote, haukuligusa. Katika miaka yote ya ujirani wetu sikumsikia akisema kwamba amekosea. Mteja mmoja wa Ugweno alirudisha pete iliyokataa kukaa vizuri juu ya kikombe cha mashine yake. Mkunga aliigeuza, akaitazama, akamwambia, "Unaishika vibaya." Asubuhi yake akampa nyingine, iliyo sahihi, bila neno. Kosa alilirekebisha kwa mikono na kulikana kwa mdomo. Wengi walilichukulia jambo hilo kuwa mzaha wa mtu mzima, na kabla plastiki haijakutana na jua la Same, mji wa tambarareni chini yetu, ilikuwa rahisi kukubaliana nao. Lakini mtu anayesahihisha kwa siri hujizoesha kuamini kwamba kosa lisilotajwa halikutokea; na siku moja hutokea kosa ambalo haliwezi kubadilishwa kimyakimya mezani, kwa kuwa limo katika mwili wa mtu mwingine.

Mzee Shabani ni mfanyabiashara wa Same. Ana kibanda cha kahawa kando ya barabara kuu, pale mabasi yanaposimama, na mgahawa katika kijiji cha Kisiwani, ambako hupita wageni wanaokwenda mbugani. Katika kila sehemu ana mashine ya kahawa aliyoinunua ikiwa imetumika. Katika mashine hizo, unga wa kahawa hutiwa ndani ya kikombe cha chuma chenye mpini. Kikombe hupachikwa kwa kuzungusha mpini mpaka kikaze, ndipo maji ya moto husukumwa kwa nguvu. Mipini ya zamani ilikuwa imepasuka. Nakijwa, aliyekuwa akihudumia kibanda cha Same kwa sifa nzuri, ndiye aliyemwambia tajiri wake kwamba nyumbani kwao yuko bibi anayeweza kutengeneza mingine. Ndivyo wote wawili walivyopanda Vudee, wakaoshwa mikono, wakashika udongo. Mpini mmoja ukatoka kwa kiganja cha Nakijwa, ukaenda Same. Wa pili ukatoka kwa kiganja cha Mzee Shabani mwenyewe, ukaenda Kisiwani.

Mkunga aliijaribu mipini hiyo kwa ukali wake wote. Aliitundika jikoni ikiwa na ndoo iliyojaa maji, kutwa nzima. Aliigonga kwa nyundo. Aliniamuru nisimame juu yake. Lakini huo ulikuwa msimu wa ukungu, wakati ambapo watu wa Vudee hushinda na masweta na nguo huchukua siku kukauka; na plastiki aliyoitumia, ambayo katika baridi ile ilikuwa ngumu kama pembe, hulegea ikipata joto ambalo sisi wa juu hatulijui. Ni kosa letu watu wa milimani. Tunateremka Same kwa haja, tunalaani jua, tunapanda tena, na tukishajitanda blanketi tunasahau kwamba wako watu wanaoishi ndani ya lile tulilolikimbia. Mkunga aliyapima maji ya kila mtoto mahali pale pale mtoto alipoogeshwa. Mpini aliupima jikoni kwake.

Kibanda cha Same kimeezekwa na kuzungushiwa mabati. Mpini ulikaa ndani ya mashine yenye moto, mbele ya dirisha lililoelekea jua la mchana. Nakijwa alinieleza baadaye, akizungumza polepole kama mtu anayetembea juu ya mawe ya mtoni: "Niliuzungusha, Mwalimu, nikahisi umekaza. Kumbe ni mpini uliozunguka, kikombe hakikuzunguka. Ulilegea kama mshumaa. Nikawasha maji." Kikombe kilifyatuka. Maji ya moto na masimbi ya kahawa vikamjaa kiganjani.

Nilikuwa kwa Mkunga siku Mzee Shabani alipopiga simu. Nilimwona akisikiliza, mkono wa pili umeshika ukingo wa meza. Uso wake, ambao haukuwahi kunificha kitu, ulibadilika; kwa muda mfupi nilimwona mkunga wa zamani, yule anayesikia mlio mbaya wa pumzi za mtoto. Kisha akacheka. "Yule binti ana papara tangu tumboni, Mzee Shabani. Alitoka kabla sijavaa glavu."

Ulikuwa mzaha mzuri, na ndiyo maana ulifanya kazi mbaya. Ulishuka mlima haraka kuliko basi. Watu wa Same waliurudia mbele ya kibanda, watu wa Vudee wakaurudia wakitoka ibadani, na mama yake Nakijwa akausikia akiwa foleni ya maji. Mzee Shabani, ambaye si mtu mbaya, alifanya alichokiona kuwa huruma: hakumfukuza binti. Akamwambia kwamba hana mkono wa mashine, akampeleka Kisiwani kuosha vyombo. Na kwa kuwa fundi mwenyewe alikuwa amesema kosa ni la binti, aliendelea kuutumia mpini wa pili kwa moyo mweupe.

Nilimpigia simu mimi mwenyewe, nikamwonya. Akanisikiliza kwa adabu. "Mwalimu, nakuheshimu. Lakini wewe ni mtu wa vitabu, na aliyeutengeneza anasema ni mzima. Nimsikilize nani?"

Kwa hiyo nilivuka mfereji.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Osha mikono."

"Leo sikuja kuonja."

"Basi umekuja kuhubiri. Kaa pale karibu na dirisha, upate hewa, mahubiri yako ni marefu."

"Mpini wa pili uko Kisiwani."

"Najua ulipo. Nimeutengeneza mimi."

"Kisiwani ni joto kama Same, au zaidi. Na kiangazi kinaanza."

"Loo. Historia imekwisha, sasa tunatabiri hali ya hewa."

"Mama, ule mpini ulilegea. Nakijwa hakuwa na papara."

Hapo aliweka chini kipande alichokuwa akikipiga msasa. Hakunitazama mimi, alitazama rafu ya udongo, mahali ambapo bonge la Nakijwa lilikuwa kati ya mengine, vidole vitano vikiwa vimezama sawasawa. "Nioneshe," alisema. "Usinisimulie."

Sikuwa na cha kumwonesha. Mpini ulioharibika ulitupwa siku ile ile. Nikaondoka nikiwa nimekasirika, na sikujua kama nimekasirikia ukaidi wake au ukweli kwamba, kwa kanuni zake mwenyewe, alikuwa amenishinda.

Siku zilizofuata zilikuwa nzito. Mashine ya kukereza ilinyamaza. Kanisani alihama kutoka benchi la mbele akaketi karibu na mlango, na kila simu ilipolia nyumbani kwangu mke wangu alinitazama kabla ya kupokea. Jua lilikuwa limekaza hata kwetu; ukungu ulikuwa umekwisha, na asubuhi tuliiona tambarare yote ya chini ikiwa nyeupe kwa joto. Nilipoitazama nilimwona kwa mawazo Mzee Shabani akizungusha mkono wake katika mgahawa, mara kwa mara, akiwahudumia watu wasiojua lolote.

Kisha siku moja nilikuwa nateremka Same kwa pikapu yangu kufuata saruji ya shule, nikamkuta Mkunga barabarani akinisubiri. Alikuwa na mpini mpya, mfano wa ile miwili, aliokuwa ameufunga kwenye kipande cha ubao na kuuvuta upande mmoja kwa utepe wa mpira wa baiskeli. Aliuweka mbele ya usukani, chini ya kioo.

"Hii ni nini, Mama?"

"Ni yangu. Usiiguse. Egesha gari juani kama kawaida ya watu wa Same, fanya shughuli zako, urudi."

Nilifanya hivyo. Niliporudi garini na mifuko ya saruji, mpini haukuwa umenyooka tena. Mpira ulikuwa umeuvuta ukapinda kama shingo ya mtu aliyesinzia, na ulipopoa ukabaki hivyo. Jioni Mkunga aliupokea langoni kwake. Aliubonyeza kwa kidole, akaugusisha kwenye kiwiko, akaingia ndani bila kuniaga.

Asubuhi alibisha kwangu kabla sijamaliza chai. Alivaa gauni lake la ibada. Kapuni alikuwa na mpini wa mti wa mbuni, uliokerezwa na kung'arishwa, na kitu kingine kilichofungwa katika kitambaa chenye maji.

"Washa gari," alisema. "Kisiwani."

Tulishuka kona zote, tukaipita Same, tukaingia barabara ya vumbi yenye miiba pande zote, na joto likawa linaingia dirishani kama linalotoka jikoni. Alikuwa akifuta jasho kwa upande wa mkono. Karibu na Kisiwani alinyoosha mkono nje ya dirisha, akaukunja, akauacha kiwiko kipigwe na upepo ule wa moto kwa muda. Hakusema "ndiyo" wala "bado".

Mgahawa ulikuwa na watu. Mzee Shabani alikuwa nyuma ya mashine, kofia yake nyeupe imelowa pembeni, akishindilia kahawa.

"Aa, Mama Mkunga! Karibu, karibu sana! Leo milima imetushukia. Mwalimu, karibu."

"Mzee Shabani, nimekuletea mpini mpya. Nipe ule wa zamani."

"Wa zamani upi? Huu?" Akaupachika mbele yetu, akauzungusha. "Huu nimeuzoea, Mama. Umekaa mkononi kama ndugu. Mpya mpelekee mwingine."

"Huu ni wa mti. Ni mzuri zaidi."

"Mimi na mti wapi na wapi? Nitakuwa nalima?" Watu mezani wakacheka. Kidole chake kilikuwa kinaelekea kwenye swichi.

"Zima mashine," alisema Mkunga.

Ilikuwa ile sauti ya kuita manesi. Mzee Shabani aliondoa kidole, lakini sasa alikuwa ameudhika, kama mtu yeyote anayeamriwa mbele ya wateja wake. "Mama, kuna nini? Si ulinihakikishia mwenyewe kwamba mpini ni mzima, tatizo ni binti? Nimemhamisha binti kwa neno lako. Sasa unataka niutupe mpini kwa neno la nani?"

Nilimtazama Mkunga. Mlango wa kutokea ulikuwepo, nao ulikuwa rahisi: angeweza kusema kwamba umechakaa, au kwamba mwanawe amempa aina bora zaidi. Alizoea milango ya namna hiyo. Huko nyuma ya mgahawa, penye mlango wa jikoni, Nakijwa alikuwa amesimama na beseni la vyombo, kitambaa kimezungushwa kiganjani.

"Kwa neno langu," alisema Mkunga. "Lile la kwanza lilikuwa uongo. Mpini ulilegea kwa joto. Niliupima kwetu, kwenye baridi. Binti hakuwa na papara. Aliuzungusha kama inavyotakiwa."

Mzee Shabani aliutazama mkono wake uliokuwa bado juu ya mpini, akauondoa taratibu. Kisha akazunguka nyuma ya mashine, akachomoa waya ukutani. "Subhanallah," alisema, hakumwambia mtu. Ndipo akageuka kuelekea jikoni. "Nakijwa, mwanangu. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Mashine ya Same ni yako. Kesho."

Mkunga aliupokea mpini wa plastiki, akautia kapuni, akaweka ule wa mti juu ya kaunta. Alishusha pumzi. Akaitengeneza kanga mabegani, akaniashiria kwa kichwa kwamba safari imekwisha, akapiga hatua kuelekea nje.

"Bibi," alisema Nakijwa.

Mkunga alisimama.

"Bado hatujamaliza."

Alilisema bila kupandisha sauti, wala sidhani kwamba alikusudia kumkejeli. Ndilo neno alilofundishwa na mama yake, kama wengine wote. Nilimwona Mkunga akilipokea mgongoni, kabla hajageuka. Alirudi akaketi kwenye benchi la jikoni, karibu na jiko, akafungua kile kitambaa chenye maji. Ndani mlikuwa na bonge la udongo.

"Shika," alisema. "Kama unavyomshika mtu usiyetaka..." Akaishia hapo.

Nakijwa alifungua kiganja. Ngozi ilikuwa imekaza, ya waridi, ikivuta vidole viwili vya mwisho visinyooke wala kukunjika vema. Alibana udongo alivyoweza, akaachia. Vidole vitatu vilikuwa vimechimba mabonde. Viwili vilikuwa vimegusa tu, kama vya mtoto anayelala. Mkunga aliligeuza bonge hilo mikononi mwake mara kadhaa. Safari hii alikuwa ameoneshwa.

"Mkono huu niliupokea mimi ukiwa mzima," alisema. "Nimeuunguza mimi. Halafu nikakucheka. Nisamehe, mwanangu."

Nakijwa hakumjibu hapo hapo, na sikutamani amjibu. Msamaha unaotolewa haraka huwa ni adabu tu. Alisimama na udongo ukimkauka kati ya vidole, akimtazama Mkunga. Kisha akamnyooshea mkono uleule, wenye udongo, juu ya beseni.

Mkunga alimimina maji ya birika, akapunguza kwa ya baridi. Akakunja mkono wa gauni la ibada, akainama, akaingiza kiwiko. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akikaa kwa mtoto yeyote.

"Bado," alisema, akaongeza ya baridi.